Bega linavuta, shingo imekaza: kinachotokea ndani ya msuli wa mama anayehangaika Mchikichini na Kariakoo

Mama, ukimaliza siku sokoni ukakuta bega linavuta, shingo imekaza na kichwa kinauma kwa nyuma, huenda umeshaambiwa moja kati ya mambo matatu: ni uchovu tu, ni baridi imeingia, au ni umri. Ukienda zahanati ukapimwa malaria na presha na kukutwa huna tatizo, unarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, na kesho yake unaanza tena.

Makala hii inaeleza jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Maumivu ya namna hii huenda pamoja na mabadiliko halisi ndani ya msuli, mabadiliko ambayo wataalamu wameyaona kwa hadubini. Husababishwa zaidi na jinsi kazi ilivyopangwa kuliko na udhaifu wa mtu. Na kwa sehemu kubwa maumivu yake yanaweza kupungua. Tutaeleza pia kwa nini jambo hili linahitaji kuzungumzwa sasa, wakati Kariakoo imeanza kufanya biashara usiku na mchana.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Miaka ya karibuni haikuwa rahisi kwa wafanyabiashara wa Ilala. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Januari 2022 likaungua soko la Mchikichini, ambalo wengi tunaliita Karume. Waliopoteza mali walianza upya, wengi wao kwa mikopo. Mtu mwenye deni hafungi meza mapema.

Kisha mapema mwaka 2025 Mkoa wa Dar es Salaam ukazindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Yalizungumzwa taa, kamera na ulinzi, na hayo ni mambo ya lazima. Saa nyingi za kuuza ni nafasi ya kipato, hasa kwa mama anayeuza chakula au nguo kwa wageni wanaokuja kufunga mzigo usiku.

Lakini siku haikuongezewa saa. Mama anayefunga meza saa nne usiku bado ana sufuria za kuosha, sare za shule za kufua na mtoto wa kunyonyesha. Saa zinazoongezwa sokoni hutolewa mahali fulani, na mara nyingi hutolewa kwenye usingizi na mapumziko. Kwa msuli wa bega, hapo ndipo penye hatari. Ili uelewe kwa nini, lazima kwanza tuufahamu msuli wenyewe.

Msuli unaobeba mikono yako

Weka mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, karibu na shingo, ubonyeze taratibu. Hiyo nyama unayoishika ni sehemu ya msuli mpana uitwao trapezi. Unaanzia nyuma ya fuvu, unashuka shingoni, unatandaa hadi kwenye ncha ya bega na kuteremka mpaka katikati ya mgongo. Kazi yake kubwa ni kulishikilia bega na kulisogeza, hasa unapoinua mkono au kubeba kitu.

Msuli huu haungoji mzigo mzito ndipo ufanye kazi. Unaposhona kwa cherehani mikono ikiwa mbele, unafanya kazi. Unapomenya viazi umeinama, unaposonga ugali wa watu arobaini, unapopanga nguo za mitumba kwenye kamba ya juu, unapomwinua mtoto, hata unaposhika simu umeinamisha kichwa, unafanya kazi. Kila kazi kwa peke yake ni nyepesi. Tatizo ni kwamba zote zinautumia msuli uleule, mfululizo, kuanzia alfajiri hadi usiku.

Nyuzi zinazoamka kwanza na kulala mwisho

Msuli umeundwa kwa maelfu ya nyuzi nyembamba. Hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Mtafiti wa Marekani, Elwood Henneman, alionyesha kwamba mwili una utaratibu: nyuzi zinazoendeshwa na neva ndogo huitwa kwanza, na zile kubwa zenye nguvu huitwa baadaye, kazi ikizidi uzito. Kazi ikipungua, zile kubwa huachiwa kwanza na ndogo hubaki.

Mtafiti wa Uswidi, Göran Hägg, alichukua utaratibu huo akauunganisha na maumivu ya kazini. Alisema kwamba katika kazi nyepesi isiyo na mapumziko, nyuzi zilezile ndogo ndizo zinazotumika muda wote. Nyuzi kubwa zimelala, wala hazijaguswa. Aliziita nyuzi hizo kwa jina la Cinderella, yule msichana wa hadithi za Ulaya aliyekuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala katika nyumba ya mama wa kambo.

Sisi hatuhitaji kwenda Ulaya kumtafuta. Katika nyumba nyingi zetu yupo dada wa kazi, au binti mkubwa, au mama mwenyewe, anayeamka kuwasha moto kabla ya wote na kufunga mlango wote wakiwa wamelala. Hakuna siku moja aliyobeba gunia. Lakini hakuna saa moja aliyokaa. Ndivyo zilivyo nyuzi hizo.

Hapa ndipo penye jibu la swali ambalo akina mama huuliza: "Mbona mume wangu anabeba mizigo na bega haliumi, mimi nakaa kwenye cherehani naumwa?" Anayebeba mzigo na kuutua huupa msuli wake kipindi cha kuachia. Fundi cherehani aliyeinua mabega kidogo tu kwa saa sita hajaupa. Uzito ni sehemu ya hatari, na kukosa kuachia ni sehemu nyingine, ambayo haionekani kwa macho.

Walichokiona kwa hadubini

Utafiti mwingi wa jambo hili umefanywa katika nchi za Uswidi na Denmaki, na wengi walioshiriki ni wanawake: wafanya usafi, wafanyakazi wa viwandani na wa ofisini. Watafiti walichukua vipande vidogo vya msuli wa trapezi na kuvitazama. Waliyoyakuta ni haya.

Kwanza, baadhi ya zile nyuzi ndogo zilikuwa zimenenepa kupita kawaida. Msuli kunenepa si ubaya peke yake. Wanaonyanyua vyuma hunenepa. Lakini hapa mishipa midogo ya damu inayozunguka kila uzi haikuongezeka kwa kiwango hicho. Ni kama nyumba iliyoongezewa vyumba huku bomba la maji likibaki lilelile. Maji yapo, lakini hayawatoshi waliomo.

Pili, ndani ya baadhi ya nyuzi, vile vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu kwa kutumia hewa ya oksijeni, viitwavyo mitokondria, vilikuwa vimeharibika au vimekusanyika mahali pasipo pake. Uzi wa namna hiyo huchoka haraka na huchelewa kupona.

Tatu, katika misuli ya wanawake wenye maumivu vilipimwa viwango vya juu zaidi vya kemikali kama laktati na glutamati. Laktati huongezeka pale msuli unapotengeneza nguvu bila hewa ya kutosha. Glutamati ni moja ya kemikali zinazohusika na kuamsha neva za maumivu.

Nne, na hili ni muhimu sana: baadhi ya mabadiliko hayo yalionekana pia kwa wanawake waliofanya kazi ileile lakini hawakuwa na maumivu. Maana yake ni mbili. Kazi yenyewe huacha alama ndani ya msuli kabla mtu hajaanza kuumwa, kwa hiyo kutoumwa leo si sababu ya kupuuza. Na pia, kuwa na mabadiliko hayo si hukumu kwamba lazima utaumwa maisha yote. Kuna mambo mengine yanayoamua.

Damu, neva na ubongo

Msuli unapokaza, shinikizo ndani yake hupanda na kuibana mishipa midogo ya damu. Ukiachia, damu inaingia tena. Ndiyo maana kukaza na kuachia, kama wakati wa kutembea, hakuleti shida. Kukaza bila kuachia ndiko kunakozuia damu. Ukiinua mkono mbali na mwili na kuuacha hapo, kama wakati wa kuning'iniza nguo juu au kupaka rangi ukuta, shinikizo katika misuli midogo ya bega hupanda kiasi cha kupunguza damu inayopita.

Uchafu wa kazi usipoondolewa na damu, neva za maumivu huamshwa. Zikiamshwa kila siku, hujifunza kuamka kwa jambo dogo. Uti wa mgongo na ubongo navyo huongeza sauti. Hapo ndipo mama huanza kusikia maumivu hata kwa kuguswa na mkanda wa mkoba, au kwa mtoto kumshika shingo. Si kwamba anajidekeza. Mfumo wake wa kutoa tahadhari umekuwa mwepesi kupita kiasi.

Na maumivu hubadilisha jinsi unavyotumia mwili. Misuli midogo ya ndani mbele ya shingo, ambayo kazi yake ni kuituliza shingo, hulegea. Ile ya juu hukaza ili kufidia. Anayeumwa mara nyingi hashushi mabega hata akiwa amekaa kupumzika. Mabega yake yako kazini wakati yeye amelala kwenye mkeka.

Deni nalo hukaza bega

Watafiti wamepima pia trapezi za watu waliokaa tu, wakipewa mahesabu magumu ya kufanya kwa haraka. Msuli ulikaza, ingawa hawakubeba chochote. Wasiwasi huifikia misuli moja kwa moja, na inayoamshwa ni zilezile nyuzi ndogo.

Fikiria basi mama mwenye mkopo wa kausha damu, anayesubiri mkusanyaji afike mezani kila jioni. Jina la mikopo hiyo tunalitamka kwa utani wa uchungu, lakini kwa bega lake lina ukweli ndani yake. Hofu hukaza msuli, msuli uliokaza hubana damu, na usiku usingizi haupatikani ili msuli upone. Kwa sababu hiyo, mazungumzo ya mikopo yenye riba kubwa ni mazungumzo ya afya pia.

Mzigo wa kichwani: tusidanganywe na sifa

Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na wabeba mizigo. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, eneo hilo likawa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka kwa lugha yao, likabaki. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado shingo na mabega ya watu ndiyo yanayoliendesha soko.

Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu. Wajaluo hubeba kichwani. Wakikuyu hubeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Watafiti walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi 20% ya uzito wa mwili bila mwili kutumia nguvu za ziada. Habari hiyo ilienea duniani na kuwa sifa: mwanamke wa Kiafrika kabeba, wala hachoki.

Tupige hesabu. Mama wa kilo 60, 20% ya uzito wake ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji peke yake, yaani theluthi moja ya uzito wake. Belo la mitumba kwa kawaida hufungwa kilo 45. Mizigo ya sokoni na ya nyumbani iko mbali sana na kile kiwango cha utafiti.

Zaidi ya hapo, kuokoa nguvu si sawa na kuinusuru shingo. Utafiti wa baadaye wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2010, haukuona kwamba kubeba kichwani kunaokoa nguvu kuliko kubeba mgongoni, na wanawake walilalamikia maumivu ya shingo. Mtu anaweza kutembea wima, kwa madaha, bila kuhema, huku shingo ikibanwa kila hatua. Uhodari wa kubeba ni wa kweli. Lakini usitumike kama sababu ya kumwongezea mtu mzigo.

Na kwa wanaume wetu wanaobeba magunia, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima peke yake usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe chini zaidi ya hapo. Nchini kwetu ugomvi wa lumbesa umekuwa ni wa mkulima kupunjwa bei. Ni ugomvi wa haki. Lakini gunia la lumbesa linapunja pia shingo ya kijana anayelishusha, na huyo ni mtoto wa mama fulani.

Sheria inamlinda nani?

Kama umeajiriwa dukani, hotelini au kiwandani, sheria inakutambua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 za siku ya kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Mwajiri anayekupangia zamu ya usiku Kariakoo anapaswa kuyajua hayo, nawe pia.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, si wewe. Mfuko hulipa kwa ajali na kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Ugumu ni kuthibitisha. Mkono uliokatwa na mashine unaonekana. Bega lililochoka miaka saba halionekani hata kwenye picha ya eksirei. Hata orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 imetaja kwa majina magonjwa ya kifundo cha mkono, kiwiko na goti. Maumivu ya misuli ya shingo hayakutajwa kwa jina, bali huingia kupitia kipengele cha jumla, pale uhusiano na kazi unapothibitishwa. Kwa hiyo ukiumwa, mweleze mganga kazi yako ni ipi, unaifanya saa ngapi kwa siku, na uhakikishe ameiandika. Maandishi hayo yanaweza kukusaidia baadaye.

Lakini wengi wanaosoma hapa hawana mwajiri. Mama lishe, muuza mitumba, fundi mwenye cherehani yake barazani: hao hawana wa kuwachangia, na hakuna anayewahesabia dakika 60. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalenga kumfikia kila mkazi. Unapojiandikisha, uliza swali hili mapema: je, kitita kinahusisha mazoezi tiba? Maana kwa maumivu haya, mtaalamu wa mazoezi tiba ana faida zaidi kuliko vidonge vya kila wiki.

Ipo njia nyingine iliyo karibu zaidi. Halmashauri hutenga 10% ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4% kwa wanawake, 4% kwa vijana na 2% kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi chenu kinapoandika maombi, msiandike mtaji wa bidhaa peke yake. Andikeni na toroli la pamoja, meza ya kimo sahihi, viti vyenye egemeo. Hivyo ni vifaa vya biashara kama mizani ilivyo.

Unachoweza kuanza leo

Kazini

Achia mara nyingi, kwa muda mfupi. Kila baada ya nusu saa hivi, shusha mikono, legeza mabega, pumua ndani na nje mara tano. Nusu dakika inatosha. Lengo ni kuzipa zile nyuzi ndogo nafasi ya kulala. Ukiweza, shikamanisha na jambo linalotokea lenyewe: kila ukimaliza shati moja, kila mteja akiondoka.

Badilisha kazi, si mkao tu. Kama umeshona saa moja, kata vitambaa au nenda kafuate maji. Msuli uliokuwa umekaza unahitaji mwendo, si kukaa tu kwenye kiti.

Inua kazi ikufuate wewe. Meza ya kukatia mboga ifike usawa wa kiwiko ukiwa umesimama. Kiti cha cherehani kikiwa chini sana, mabega hupanda. Weka mto au ubao. Bidhaa zinazouzika sana zining'inie usawa wa kifua, zisizouzika ndizo ziende juu.

Gawa mzigo. Safari mbili za kilo 10 ni bora kuliko moja ya kilo 20. Lipia toroli mzigo ukizidi, na mlipe vizuri anayesukuma.

Nyumbani

Unaponyonyesha, mlete mtoto kwenye titi kwa kumwekea mto au kanga zilizokunjwa. Usiliinamishe titi na shingo kumfuata mtoto. Egemea ukuta. Ukimbeba mgongoni, fungua kanga na kuifunga upya kwa upande mwingine kila baada ya muda. Ukimbeba kiunoni, badilisha upande.

Usimpe mtoto wa shule ndoo kubwa ya maji. Mpe kidumu kidogo. Shingo yake bado inakua.

Ongea na walio nyumbani. Kama nyuzi za msuli zinaumia kwa sababu kazi zote huziangukia zilezile, basi na wewe unaumia kwa sababu hiyohiyo. Kijana wa miaka 14 anaweza kuosha sufuria. Baba anaweza kubeba maji.

Mazoezi

Hapa ndipo penye habari njema. Mwaka 2008 watafiti wa Denmaki walichapisha matokeo ya wanawake wenye maumivu ya trapezi waliofanya mazoezi ya nguvu ya shingo na mabega, dakika 20, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 10. Maumivu yao yalipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2011 wakawajaribu watu 198 kwa mpira wa kuvuta, dakika 2 tu au dakika 12 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Makundi yote mawili yalipata nafuu.

Kwa nini nguvu isaidie msuli uliochoka? Kwa sababu zoezi zito la muda mfupi huziamsha zile nyuzi kubwa zilizolala, na msuli wenye nguvu zaidi hutumia sehemu ndogo ya uwezo wake kwa kazi ileile. Pia zoezi lina kukaza na kuachia, hivyo damu hupita.

Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Simama, inua mikono pembeni, mbele kidogo, mpaka usawa wa bega, kisha shusha taratibu. Rudia mara 10 hadi 15. Kisha pandisha mabega kuelekea masikioni na kuyashusha, mara 10 hadi 15. Fanya hivyo siku 5 kwa wiki. Kama chupa zimejaa ni nzito, anza na nusu. Siku za mwanzo msuli utauma kidogo. Maumivu yakizidi au yakishuka mkononi, punguza na umwone mtaalamu.

Kuhusu dawa na kunyongwa shingo

Dawa za kutuliza maumivu husaidia siku chache, hazirekebishi chanzo. Diklofenaki na ibuprofeni zisinywewe hovyo, hasa ukiwa mjamzito, ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au matatizo ya figo. Anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa. Kuchua kwa mikono yenye joto au kitambaa cha maji ya moto hutuliza, na hakuna ubaya wake.

Kunyongwa shingo kwa ghafla mpaka ilie, kama wanavyofanya baadhi ya saluni, kataa. Shingoni hupita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na kuna watu waliowahi kuipasua kwa namna hiyo.

Usikae nyumbani ukiona haya

Nenda kituo cha afya haraka, au hospitali kama Amana, Mnazi Mmoja au Muhimbili, ikiwa: mkono umekufa ganzi au umepungua nguvu na unaangusha vitu; miguu inalegea au huwezi kuzuia haja; maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali; una homa na shingo imekakamaa; unapungua uzito, unatokwa jasho usiku na maumivu hayakuachi hata ukilala, maana kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo; au bega na taya vinauma pamoja na kifua kubana na kuhema, ambayo inaweza kuwa moyo.

Kama huna dalili hizo, lakini maumivu yamepita wiki sita, omba rufaa ya kumwona mtaalamu wa mazoezi tiba. Ni haki yako kuuliza.

Jambo la kuanzia wiki hii

Zungumza na jirani zako watatu wa meza au wa baraza. Kubalianeni zamu ya kulindiana bidhaa dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, kila mmoja akae chini, ashushe mabega, afanye mazoezi yake. Soko likifanya kazi saa 24, ninyi mnaweza kupokezana. Nyuzi za bega lako haziwezi, kwa sababu hazina wa kuzipokea isipokuwa wewe uachie.